Wanafunzi waliokuja Rujewa kujaza fomu za kodi bure, na email yangu iliyokuwa imewaficha watu barua zao

Wakuu, salamu kwenu nyote, wachangiaji na nyie mnaosoma kimya kimya bila hata ku-like.

Ninayoandika yalinikuta mwenyewe. Kwa kuwa sehemu kubwa yananiaibisha, mtaelewa sina sababu ya kuyatunga. Mtu hutunga ya kujisifia. Majina nimebadilisha, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Mnijue kidogo kwanza.

Mimi ni Mbena wa Njombe, ila nimeoa Rujewa na nimekaa huku Mbarali kwenye mpunga mpaka nywele zimeanza kubadilika rangi. Nina steshenari jirani na mashine za kukoboa. Fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua, mikataba ya kukodi majaruba ya mpunga, hayo ndiyo maisha yangu.

Mambo ya kodi yalipohamia mtandaoni, nikajiongeza. Mtu anakuja na kitambulisho, namfungulia TIN, ile namba ya mlipakodi, namjazia fomu ya makadirio, nam-printia karatasi, ananilipa, anaenda zake.

Uhasibu sikusoma. Nina form four yangu na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu niliyosoma Iringa mjini. Lakini kwa mama wa mchele ambaye hajawahi kushika mouse, mimi ndiyo nilikuwa ofisi.

"Nenda kwa Baba Vumi, atakumaliza mara moja," ndivyo watu walivyoelekezana kwangu.

Na kweli nilikuwa nawamaliza, kama mtakavyoona.

Sasa msimu wa mavuno mmoja, barabara ya mashine imejaa magunia, Ijumaa asubuhi nikaona vijana wanne wanapanga meza kwenye baraza la ghala, hatua chache kutoka kwangu. Laptop mbili, viti vya plastiki, na karatasi ya manila wamebandika ukutani:

TUNASAIDIA KUJAZA KODI. BURE. WAFANYABIASHARA WADOGO KARIBUNI.

Hiyo BURE waliiandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Wakuu, nikaona wateja wangu wanahama.

Nikaulizia. Nikaambiwa ni wanafunzi wa uhasibu kutoka chuo kimoja Mbeya mjini. Wanajitolea. Wikiendi wanazunguka kwenye masoko ya vijijini kuwasaidia watu wenye biashara ndogo ambao hawana uwezo wa kumlipa mhasibu. Mwalimu wao anawasimamia, nauli wanachangishana, na pale Rujewa walilala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya mabenchi.

Kiongozi wao alikuwa binti wa Kinyakyusa, tumwite Atupakisye, mwaka wa tatu. Mwembamba, mpole, ila akikuuliza swali anakuangalia mpaka umjibu. Msaidizi wake kijana anaitwa Shafii, mtoto wa Mlandege pale Iringa, baba yake ana duka.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nakuna kichwa.

Nilipita kwenye mashine mbili tatu, nikasema kama mtu anayetania: "Hao watoto muwe nao makini. Hakuna cha bure. Hao wametumwa na watu wa mapato kuja kuhesabu magunia yenu."

Mnajua neno hilo likitua kwenye soko linavyokimbia. Hadi saa sita hakuna mtu hata mmoja aliyekaa kwenye kiti chao. Wanawake wanapita mbali. Mmoja alifunika magunia yake kwa turubai.

Mimi nipo dukani nafanya fotokopi, roho imetulia.

Ningekuwa mimi ndiye wao, ningefunga laptop nikarudi Mbeya. Wao hawakufunga. Shafii alikunja mikono ya shati, akaenda kwa vibarua wa mashine akaomba sindano, akaanza kushona midomo ya magunia pamoja nao. Hakuhubiri kodi. Alishona tu na kupiga stori.

Baadaye nikamsikia, maana sauti yake ni kubwa, anawasimulia habari za baba yake. Kwamba mzee aliogopa fomu za kodi miaka mingi, akiona bahasha ya serikali anaiweka chini ya godoro. Siku Shafii alipozisoma zile bahasha, akakuta nusu zilikuwa zinamwambia mzee njoo tukupunguzie.

Vibarua wakacheka. Mama mmoja akasema, "Hata mimi ninayo bahasha, iko kwenye pipa la unga."

"Ilete mama tuisome. Ukiona tunakupeleleza, chana mbele yetu."

Akaileta. Jioni ile walihudumia watu watano. Jumamosi asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, foleni ilikuwa imezunguka ghala.

Hapo nimtambulishe Mama Sikitu.

Ni mama wa Kisangu, mtu mzima, mjane, mchapakazi sijapata kuona. Ana banda kwenye mashine, ni dalali wa mchele. Yaani mkulima analeta mzigo, unakobolewa, mama anamtafutia mnunuzi, anakatiwa chochote kidogo kwa kila gunia. Pembeni anauza chenga zake, yaani mchele uliokatika.

Wiki moja kabla ya wanafunzi kuja, Mama Sikitu alikuja dukani kwangu kuchapisha mkataba. Alikuwa anauza kiwanja chake. Kiwanja alichokinunua baada ya mumewe kufariki, ameshafyatua na tofali za msingi.

Nikamuuliza, "Mama, si ulisema unajenga?"

"Kodi, mwanangu," akajibu. "Nimepita ofisini kwao kuuliza, nimeambiwa nadaiwa, na isipolipwa watafunga banda. Sijui imetoka wapi. Ila nikikosa banda nitakula nini?"

Nikampa pole. Nikamchapia mkataba. Nikamtoza bei ya kawaida.

Turudi Jumamosi. Mchana jua la Usangu limesimama, Atupakisye akaingia dukani kwangu peke yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Fotokopi?"

"Hapana baba. Nina swali moja tu." Akaniwekea kikaratasi mezani. "Email hii ni ya kwako?"

Nikaangalia. Ni yangu.

"Ni yangu. Kuna nini?"

"Iko kwenye akaunti ya Mama Sikitu. Na ya mzee mmoja wa spea za pikipiki. Na ya dada wa vitenge. Tangu jana kila tukifungua akaunti ya mtu, tunakuta email ni hii na namba ya simu ni ya kwako."

"Binti, hao watu hawana email. Ulitaka niweke ya nani?"

"Naelewa baba, watu wengi wa steshenari wanafanya hivyo. Ila barua zao zinakuja kwako. Ulikuwa unawapelekea?"

Wakuu, sikuwa nawapelekea.

Ile email mimi nilikuwa naitumia kupokea CV za watu wa ku-printi. Hizi nyingine nilikuwa naziona zimejipanga, zote zinafanana kichwa cha habari, nikazichukulia kama matangazo ya mitandao ya simu. Sikufungua hata moja.

Nikafungua mbele yake. Nikaandika jina la Mama Sikitu kwenye sehemu ya kutafutia.

Barua ya kwanza ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Ilimwambia: haya ndiyo makadirio yako, kama hukubaliani nayo una siku thelathini za kuweka pingamizi. Ya pili ilisema hajalipa, anaongezewa faini. Ya tatu riba. Ya nne ilikuwa onyo la kufungiwa.

Zote ziliandikwa kwa heshima kabisa, "Ndugu mlipakodi". Ndugu mlipakodi mwenyewe yuko hatua thelathini kutoka dukani kwangu anapepeta chenga, hajui.

"Na kuna kingine," Atupakisye akasema taratibu. "Kwenye mauzo ulijaza thamani ya mchele wote uliopita kwenye banda lake. Mchele ule si wake baba. Yeye ni dalali. Chake ni kile anachokatiwa kwa gunia."

Nikakumbuka siku ile kama jana. Nilimuuliza, "Mama, kwa msimu unauza gunia ngapi?" Akanitajia kwa fahari, maana alikuwa na msimu mzuri. Nikazidisha kwa bei ya gunia, nikajaza, nikabonyeza kutuma. Dakika kumi hazikufika. Sikumuuliza gunia ni la nani.

"Umeshamwambia?" nikauliza.

"Bado. Nimeanza kwako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu muda wa pingamizi umeshapita. Wanaweza kumwongezea muda akiwa na sababu ya msingi ya kuchelewa." Akakisogeza kile kikaratasi kwangu. "Sababu ya msingi ni wewe baba. Tunaomba uandike barua kwamba wewe ndiye uliyejaza, na barua zote zilikuja kwako, yeye hakuziona. Usaini."

Nilimfukuza. Sitawadanganya. Nilimwambia naomba aniachie nafasi, nina kazi. Akasema, "Haya baba, asante kwa kunisikiliza," akatoka. Hakuinua sauti, hakuenda kunitangaza sokoni, na angeweza. Foleni nzima ilikuwa pale nje. Mimi nilimwita mpelelezi siku moja kabla, yeye alikuwa na ukweli wangu mkononi akautunza.

Nikafunga duka mapema. Nikamweleza mke wangu, nikitegemea atanitetea. Nikamwambia nikisaini naweza kushtakiwa, maana kumbe kazi ya kujazia watu kodi kwa malipo ina vibali vyake na mimi sina.

Mke wangu ni Msangu, hana maneno mengi.

"Kosa kwenye fomu ni la nani?"

"La kwangu."

"Mkataba wa kiwanja umechapa nani?"

"Mimi."

"Basi bado sanduku tu la kumzikia. Nalo ukamchongee."

Kisha akaondoka kwenda kuchota maji.

Jumapili, watu wanatoka ibada ya kwanza, nikaenda bandani kwa Mama Sikitu. Alikuwa ameshika ungo. Nikapiga hodi, tukasalimiana kamwene, kamwene, nikakaa kwenye gunia la pumba. Nikamweleza yote bila kuruka. Email. Barua nne. Gunia ambazo hazikuwa zake.

Hakupiga kelele. Aliendelea kupepeta muda mrefu mpaka nikatamani apige kelele.

Halafu akasema: "Mwanangu, mimi tangu mwaka uanze nasali nijue nimemkosea nini Mungu."

Akaweka ungo chini.

"Kumbe ni email."

Wakuu, mimi ni mwanaume mzima lakini pale nilitoa leso.

"Usidhani sijakasirika," akaendelea. "Nimekasirika sana. Kesho nilikuwa niende kwa mtendaji kusaini kiwanja. Sasa niambie, badala ya kwa mtendaji, kesho tunaenda wapi?"

Tukaenda pamoja mpaka kwa wale vijana. Nilimsalimia Atupakisye, nikamwambia nitasaini. Akasema tu, "Ndaga fijo baba," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akavuta kiti nikae.

Sasa muone hawa watoto walivyofanya kazi.

Mama Sikitu alikuwa na daftari la shule, kurasa zimekunjamana, ameandika majina ya wenye mizigo na vijistari, kila kijistari gunia moja. Kwangu mimi lilikuwa daftari la bibi asiyejua hesabu. Atupakisye alilifungua, akasema, "Mama, hiki ni kitabu cha hesabu kamili. Umetuokoa." Mama alinyanyua kidevu, mgongo ukanyooka.

Jumapili nzima, badala ya kupumzika wajiandae kurudi, vijana wanne walipiga simu kwa kila jina kwenye lile daftari. "Shikamoo mzee, msimu uliopita ulileta mchele kwa Mama Sikitu? Gunia ngapi?" Vocha zao wenyewe. Wakulima waliokuwa karibu wakaja kusaini kwa baiskeli na bodaboda. Mzee mmoja alitoka shamba na matope mpaka magotini, akasaini, akasema huyu mama hajawahi kumpunja hata kilo.

Jumatatu tukaenda Mbeya, mimi, mama na Atupakisye. Asubuhi ile binti alikuwa na test chuoni. Alimpigia mwalimu wake akaomba aifanye siku nyingine, mwalimu akakubali ila akamwambia atafanya peke yake na maswali yatakuwa tofauti. Hakutuambia. Nilijua baadaye kwa Shafii.

Mimi nilitoka Rujewa na shati la mikono mifupi. Baridi ya Mbeya ilinitandika mpaka meno yanagongana, au labda ilikuwa woga.

Ofisini tulipokelewa na baba mmoja mtu mzima, kavaa sweta. Alisoma barua yangu mara mbili. Akavua miwani.

"Nani alijaza fomu hii?"

Nikasimama. "Mimi mzee."

"Wewe ni mshauri wa kodi?"

"Hapana. Mimi ni mtu wa steshenari."

Alinitazama mpaka nikaona aibu hata ya viatu vyangu. Akaniambia maneno makali, na nilistahili kuyasikia: nisijaze tena fomu ya mtu kwa malipo, na safari nyingine tutaongea lugha tofauti. Kisha akageuka kwa Mama Sikitu, akasema, "Pole sana mama. Tuonyeshe hilo daftari."

Atupakisye alieleza. Gunia hizi za huyu, saini hii hapa. Hizi za yule, ila yeye hatukumpata, tumeziweka pembeni hatukuzidai. Alipofika hapo nikaona yule baba wa sweta anaitikia kwa kichwa. Binti alikuwa ametenga hata yale yasiyokuwa na ushahidi, wakati angeweza kuyachomeka tu.

Majibu hayakutoka siku ile. Tulisubiri wiki kadhaa. Wiki zile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, maana mnunuzi wa kiwanja alikuwa anapita kila siku kuuliza, na mama anamwambia subiri.

Kisha simu ikaja. Safari hii kwenye simu ya Mama Sikitu mwenyewe.

Wamekubali pingamizi. Makadirio yamefanywa upya kwa kile anachokatiwa tu. Hakufutiwa kila kitu, yale magunia yasiyo na saini yalibaki kwenye hesabu yake, na kuna kiasi alilipa kwa awamu kutokana na chenga. Lakini kilikuwa kiasi ambacho banda linaweza kubeba. Kiwanja hakikuuzwa.

Vijana walirudi Rujewa wikiendi mbili zaidi. Wakakaa dukani kwangu, ndiyo, dukani kwangu, tukafungua kila akaunti niliyowahi kuigusa, kuweka namba na email ya mwenyewe. Asiyekuwa na email walimfungulia na kumfundisha mwanawe au mjukuu kuifungua. Hawakunicheka hata siku moja. Shafii alikuwa akikuta nimejaza kitu cha ajabu anasema, "Baba Vumi, hapa ulikuwa na njaa eh?" tunaendelea.

Zawadi hawapokei, ni sheria yao. Mama Sikitu aliwaletea debe la mchele wakalikataa. Akaondoka bila neno. Saa saba akarudi na sufuria mbili: wali na kuku. "Huu si mchele, huu ni wali," akasema. "Sheria yenu inasema nini juu ya wali?" Wakaangaliana. Wakala mpaka ukoko.

Ila si kila kitu kilipona.

Yule mzee wa spea za pikipiki, mwanawe ndiye aliyekuja kwenye foleni na karatasi zake. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafunga duka kabla wanafunzi hawajafika. Deni lake nalo lilitokana na barua zilizolala kwangu. Alienda Makongolosi kutafuta riziki kwenye dhahabu. Nilimpigia simu mwenyewe, Atupakisye amekaa pembeni. Nikamweleza, nikaomba radhi.

Akasema: "Nimekusamehe. Lakini duka halirudi kwa kusamehe."

Akakata. Vijana walimsaidia kufunga ile TIN ili deni lisiendelee kuota, hicho ndicho kilichowezekana. Mimi nabaki na sentensi yake.

Nilichojifunza, wakuu.

Nilikuwa nadhani msomi ni mtu anayekuja kijijini kutuonyesha anachojua. Hawa walikuja kuuliza. Gunia ni la nani? Barua ulizipata? Maswali mawili mepesi ambayo mimi mwenye duka, jirani, niliyekula ugali na hawa watu misibani, sikuwahi kuyauliza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilitaka hela ya mtu anayefuata.

Watoto wa miaka ishirini na mbili, hawana hata kitanda pale Rujewa, walijali kuliko mimi. Nawavulia kofia. Nchi ikiwa na wahasibu wa namna ile, nitalipa kodi nikiwa natabasamu. Sawa, nusu tabasamu.

Sasa nyie mnaosoma: TIN yako alikufungulia nani? Kwenye akaunti yako kuna namba ya nani na email ya nani? Nenda kaangalie leo, halafu njoo hapa utuambie umekuta nini. Na kama kuna wanafunzi wa aina hii walishafika kwenu, tupeni habari zao tuwasome.

Wahasibu mliomo humu, nilipokosea kueleza nirekebisheni, safari hii nasikiliza.

Na kama wewe uliwahi kuwa mteja wangu, unasoma hapa na umeshanijua mimi ni nani, nipigie au pita dukani. Sitakutoza. Kama utakuja na hasira, njoo nazo.